Kiti cha Mbele

Mwaka huo tulikula matoke hadi watoto wakaanza kulia wakiona sufuria. Mahindi yalikauka shambani yakiwa ndevu tu, na ugali wa wimbi tukauweka wa Sabato. Ndio mwaka mtoto wa mke mwenzangu alileta gari hapa kwetu Marani.

Gari kuukuu. Viti vya ngozi vimepasuka kama visigino vya mchuma majani chai. Nilipoviona nilifurahi, sitadanganya mtu. Mwanangu mimi hata baiskeli hana.

Halafu wakamwita mjukuu wangu, binti niliyemlea mwenyewe, ambaye kazi yake mjini Kisii ni kufufua viti vya magari. Akasugua kwa brashi laini na povu la sabuni, akifuta uchafu kabla haujanywewa tena na ngozi. Akaziba nyufa, akazilainisha kwa msasa, akapaka rangi ya kahawia kidogo kidogo kwa sponji. Nilisimama mlangoni nikiona mikono niliyoilisha ikibembeleza kiti cha nyumba ile nyingine. Kwangu kuna kochi limetoka matumbo, na hajawahi kuligusa.

"Msipake kitu kingine," akawaambia Ijumaa hiyo kabla jua halijazama. "Wacheni ikauke."

Sasa, kwetu mke wa kwanza hutangulia. Mke wa kwanza ni mimi. Asubuhi ya Sabato nikavaa gauni la kanisa mapema, nikangoja kuitwa. Kutoka nje, namkuta mwenzangu ameshakaa mbele, gauni jeupe, mkoba magotini, kama bibi arusi.

"Mkubwa, panda nyuma," akasema. "Nyuma pia ni laini."

"Sipandi. Nina miguu yangu."

Mwanawe akatazama usukani. Mjukuu wangu, aliyekuja kuona kazi yake, akainama dirishani akanusa.

"Nani amepaka siagi hapa?"

Mwenzangu akafungua mlango. Babake alilainisha ngozi za ng'ombe kwa siagi, naye akadhani kiti cha gari ni ndugu yake ng'ombe. Aliposhuka, mafuta na rangi vilikuwa vimemshika nyuma yote. Ungesema amekalia mavi ya ndama. Sikucheka. Nilikohoa.

Mjukuu wangu akakifuta kile kiti, akatandika shuka safi. "Nitakirudia kesho," akasema polepole, kama mtu aliyefiwa.

"Basi mkubwa, kaa wewe mbele," mwenzangu akasema akishikilia gauni lake. "Hata hivyo ni haki yako."

Leo ndio imekuwa haki yangu. Kimeharibika, nikalie shuka, yeye akabadilishe nguo.

Mjukuu wangu akanifungulia mlango. "Magokoro, tafadhali. Kwa ajili yangu mimi mjukuu wako."

Nilikitaka kile kiti kuliko chakula. Nikakaza kitambaa kichwani, nikashika njia ya kanisani.

"Sipandi. Nina miguu yangu."