Siku Nilipotoa Mji wa Kigoma

Harufu ya dagaa wa Kigoma haijifichi. Mama alipofungua kikapu kilicholetwa na gari la moshi, harufu ilipita uani, ikatoka barazani, ikachanganyika na karafuu na kahawa ya dukani kwa Mzee Nasoro, na majirani wa mtaa wetu wa Kariakoo wakajua bila kuambiwa kwamba baba yangu yu mzima. Baba alikuwa fundi wa reli. Masika yale alikuwa amepelekwa Kigoma, mwisho wa njia, kutengeneza mabehewa. Kwa kuwa mama hakujua kusoma barua, na baba hakupenda kuziandika, kikapu ndicho kilichokuwa barua yetu. Kila wiki mfanyakazi mwenzake alikifikisha mlangoni, mama akauliza habari, kisha akakaanga dagaa kwa nyanya na pilipili huku akiimba taratibu.

Mzee Nasoro, ambaye babu zake walitoka Uarabuni, aliuza viungo na kahawa nyumba ya pili kutoka kwetu. Baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka barazani, watoto wa mtaa tukakaa, naye akatuuliza maswali magumu. Hayakuwa vitendawili, yalikuwa mambo ya kweli ya dunia, kama bahari ipi haimzamishi mtu, au ndege yupi hutaga yai kubwa kuliko wote. Lakini desturi aliiazima kwenye vitendawili: aliyeshindwa alitoa mji. Mzee aliupokea, akasimulia alivyofika huko akakaribishwa na kulishwa, ndipo akatoa jibu. Kwa njia hiyo alikwisha kutwaa Bagamoyo, Kilwa na Tabora. Hamisi, mtoto wa jirani, alikuwa mchoyo. Siku zote alitoa Magomeni, ambayo wakati ule ilikuwa mashamba, na Mzee akalalamika kwamba pale hakuna mji, kuna mihogo tu.

Zamu yangu ilipofika, Mzee aliniambia kwamba mtu ana mifupa saba ya shingo, akaniuliza twiga anayo mingapi. Nikaifikiria shingo ile ndefu, nikasema sabini. Watoto wakacheka. Nilipodaiwa mji nilitaka kutaja mkubwa nisifanane na Hamisi, na mdomo ukaniponza: nikasema achukue Kigoma. Mzee akafumba macho, akasimulia alivyopokewa kwa ngoma, alivyoshiba samaki, na kwamba kuanzia leo wenyeji na wageni wote wa Kigoma ni wake. Kisha akatoa jibu: twiga naye ana saba. Nikamuuliza nani aliyeihesabu. Akasema aliambiwa na mpagazi wa zamani, aliyekuwa akichemsha mifupa ya wanyama kwa ajili ya wawindaji. Sikuridhika, sikuzaliwa na moyo wa kuridhika upesi. Lakini njiani kurudi nyumbani Hamisi aliniambia neno lililonifanya nimsahau twiga.

"Umemtoa na baba yako, bibi we. Wageni wote, kasema."

Wiki ile kikapu hakikuja. Wiki ya pili nayo ikapita. Watu wazima walisema mvua imekata reli huko bara. Mimi nilijua aliyeikata. Usemi wa stesheni ulikuwa kwamba tuta limezolewa na maji na mafundi wamepelekwa matopeni kulijenga upya, wala hakuna aliyejua ni mafundi gani na kama wote wako salama. Mama aliacha kuimba. Alikaa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, akiangalia njia. Nilitamani kumwambia kosa langu, nikaogopa kwamba ataniamini.

Wazee husema kuuliza si ujinga, ingawa hawakusema anapatwa na nini anayeshindwa kujibu. Ijumaa, kabla wenzangu hawajafika, nilikwenda dukani peke yangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwajuma. Umeleta mji mwingine?"

"Nimefuata wangu."

Alicheka. Akanieleza kwamba mji ukishatolewa haurudi, ila kwa swali litakalomshinda yeye mwenyewe, na tangu aanze mchezo ule hajashindwa. Dawa ya moto ni moto. Nikamuuliza kama bado yeye ndiye mwenye Kigoma. Akasema ndiye.

"Basi baba yangu leo amekula nini?"

Kicheko kikamkatika. Aliweka kikombe chini, akatazama mlango wetu, akamwona mama na ungo wake.

"Sijui, binti yangu."

"Nipe mji."

"Chukua Kigoma," alisema, "na wote waliomo."

Jumapili mchana harufu ilitangulia. Nyuma yake akaja baba, matope yamekauka mpaka magotini, amebeba kikapu cha dagaa walioanza kuvunda kwa unyevu. Mama hakulia. Alimwambia maji ya kuoga yako tayari, na hata moto ulikuwa haujawashwa. Baba alipokwisha kula nilimuuliza alipanda gari siku gani. Alhamisi, alisema. Nikahesabu kwa vidole: alikuwa njiani tangu siku moja kabla sijaurudisha mji. Basi si mimi niliyempoteza, wala si mimi niliyemrudisha. Usiku huo nililala usingizi mzito ambao sijaupata tena.

Nilipofika chuo kikuu nilikuta chumba cha mifupa, na ndani yake twiga mzima aliyeungwa kwa waya. Nilianzia chini ya fuvu, nikahesabu mara mbili. Saba. Mpagazi yule hakudanganya. Huku walimu nao huuliza maswali magumu, na anayeshindwa hupigiwa mstari mwekundu, basi. Majibu yamo vitabuni pamoja na jina la aliyehesabu, na mtu kama mimi hawezi kulalamika. Hata hivyo, swali likinishinda, ulimi bado hutafuta mji wa kutoa. Magomeni ya Hamisi haifai tena, kwani siku hizi imejaa nyumba, na kila nyumba ina baba wa mtu. Kwa hiyo nasema sijui, kama alivyosema Mzee Nasoro Ijumaa ile, na kila nikilisema neno hilo napumua.