Saa Moja na Nusu Bila Simu

Juzi nilikwenda Mwanza kumsindikiza mjukuu wangu uwanja wa ndege. Mbele yetu kaunta alisimama mama mmoja wa Masumbwe, tiketi ya Dar mkononi. Mwanawe, mchimba dhahabu, aliangukiwa na mwamba shimoni. Alikuwa amelazwa Dar, siku ya tatu hajafumbua macho.

"Ni mbali kiasi gani?" akamwuliza binti wa kaunta.

"Saa moja na nusu tu, mama. Kwa basi ni kutwa na usiku. Ila simu utazima."

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Nizime? Akizinduka akaniita, nisipokee? Bora basi."

"Mama, ndege inakuacha!"

Akageuka, akanishikisha kisimu chake cha tochi kwa mikono miwili. "Shikamoo, mayu, mama yangu. Kaa nacho. Akipiga, mwambie niko njiani. Kesho kitume kwa basi, kaka yangu atakipokea Dar."

Hata jina hakuniuliza. Kwetu mvi zinatosha.

Nikakaa benchini nimekikumbatia, naomba kiite, naomba kisiite. Kikaita. Kidole kikagoma kubonyeza, maana moyo ulishaniambia ni msiba; mwishowe nikabonyeza.

"Mama?" Sauti ya kijana, imekauka.

"Mama yuko angani, baba. Anakuja."

Akasema, "Angani? Mama yangu? Anaogopa hata ngazi!" Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Wasomi mnasema Mwanza na Dar ni saa moja na nusu. Mimi sikupanda ndege, ila safari ile niliimaliza yote.