Bakuli la Chumba cha Mwisho

Kama unataka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza, maana tukifika katikati hutacheka. Haya hayakumpata shangazi wa jirani ya rafiki yangu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nimevaa sare ya kazi na raba miguuni, ndani ya meli iliyofungwa kamba gatini hapa Toronto. Na akili zangu ni timamu. Waulize wanaonijua.

Ilikuwa elfu mbili na saba, au nane. Nilikuwa nakaa mtaa wa Jane na Finch, na binti yangu Rehema, wa miaka minane. Baba yake alibaki Tanga na ahadi zake. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye meli ndogo ya watalii, vyumba arobaini tu, inayozunguka ziwa na visiwa vyake siku tano, halafu inarudi mjini. Nikisafiri, Rehema alilala kwa Mama Beya, Mkongo wa mlango wa pili, mwanamke mwema kuliko ndugu zangu wengi.

Kazi yangu ilikuwa vyumba na vyombo. Wee, hujui watu mpaka uokote sahani walizolia chakula! Kuna anayeficha sahani chini ya kitanda kama mwizi. Kuna anayezima sigara ndani ya supu. Sisi watu wa kwetu tukisafiri ndio kichekesho kabisa: tunaosha vyombo kwenye sinki la bafuni, tunavifudikiza, kisha tunamwita mhudumu. Tunaona haya mtu mwingine aoshe uchafu wetu.

Aliyenifundisha adabu za kazi hiyo alikuwa msimamizi wangu, Anti Filomena, Mgoa aliyezaliwa Mombasa, mama wa kanisa. Abiria akimaliza kula, aliniambia, vyombo anavirudisha kwenye trei, anafunika na kitambaa, anaacha mezani, anapiga simu. Haweki koridoni, maana korido ya meli ni nyembamba na meli ikiyumba mtu atajikwaa aanguke. Sisi tunamwaga makombo kwenye ndoo ya toroli, tunapeleka vyombo jikoni. Hatuonji kitu.

"Na lingine," akasema. "Chombo kikitoka chumbani kinaenda jikoni. Hakirudi mlangoni. Hata kikiwa cha mgeni mwenyewe, kipeleke jikoni tu, mimi nitajua la kufanya. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Anti."

Nilisikia kwa sikio moja. Sheria isiyo na sababu huingia hapa ikatokea hapa, si ndivyo?

Safari ya mwisho ya msimu nilihamishiwa korido ya chini, kwa sababu dada aliyekuwa huko aliacha kazi ghafla. Hakuaga. Siku ya kwanza, tumeshaiacha Toronto, nikakuta trei sakafuni nje ya chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na injini. Juu yake bakuli moja limeoshwa, limefudikizwa. Nikacheka peke yangu. Huyu ni wetu huyu! Kisha nikaona bakuli lenyewe si la meli. Vyombo vya meli vyote ni vyeupe tupu, na hili lilikuwa na ua la buluu ukingoni, kama yale ya kabati la mama yangu, yaliyokuwa hayaguswi mpaka Idi.

Nikalifunua. Chini yake kulikuwa na tende tatu.

Sasa nihukumu. Mimi nimelelewa Tanga na mama ambaye angekufa kwa aibu kuliko kurudisha chombo cha jirani kitupu. Ukiletewa wali, chombo kinarudi na kashata. Huna kashata, weka ndimu mbili. Huna ndimu, weka hata chumvi. Miaka minne nilikuwa ndani ya ghorofa ambamo hakuna jirani aliyewahi kuniletea chochote kwa bakuli. Nilisimama kwenye ile korido na tende mkononi. Nikala moja. Nilikuwa na maandazi mawili ya kutoka nyumbani kwenye mfuko wangu, nikayatia kwenye bakuli, nikaliweka mlangoni, nikagonga mara moja kwa heshima nikaenda zangu.

Jioni bakuli lilikuwa nje tena, safi, limefudikizwa. Chini yake kulikuwa na kifungo chekundu cha koti.

Nilidhani kimedondoka humo kwa bahati mbaya. Nikakitia mfukoni, na bakuli nikaliwekea chungwa. Niamini, hata sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe. Ila nilipokuwa nalala nikakumbuka kwamba koti la Rehema lina vifungo vyekundu vinne, na nilivishona mimi kwa uzi mweusi kwa sababu sikuwa na mwekundu. Nikakitoa kile kifungo. Uzi mweusi ulikuwa bado unaning'inia.

Siku ya pili sikupita upande ule. Siku ya tatu ilibidi nipite. Bakuli lilikuwa linanisubiri. Nililifunua nusu nikiwa nimefumba macho, na chini yake kulikuwa na jino la utoto, dogo, lina doa la damu mbichi. Nikalichukua jino, bakuli nikaliacha palepale.

Tulipotia nanga kwenye mji mdogo wa njiani nilikimbilia simu ya gatini. Mama Beya akampa Rehema simu.

"Mama, my tooth came out," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto mwenye homa. "Lakini siioni. Niliweka under the pillow."

"Nani amechukua, mama?"

"The lady. Anakuja kuniangalia. She's nice, Mama. Miguu yake iko wet."

Nikamwambia Mama Beya asimwache peke yake hata dakika moja, alale naye kitanda kimoja. Akaniuliza kuna nini. Ningemwambia nini?

Nilirudi melini nikamtafuta Anti Filomena. "Chumba cha mwisho cha chini anakaa nani?" Akaacha kukunja mashuka.

"Hakuna mtu. Ni stoo ya mablanketi." Akanitazama mikono. "Umekuta chombo pale?"

"Ndiyo."

"Umepeleka jikoni?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya lundo la mashuka. "Umerudisha mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya tatu usirudishe na kitu. Usirudishe kabisa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema, "Ningekuambia ungecheka. Yule wa kabla yako alicheka." Akaongeza kwamba siku ya kufika Toronto tutaingia korido ile pamoja.

Siku mbili zilizobaki sikulala. Kila simu niliyopiga gatini tulipotia nanga ilikuwa ileile: homa haishuki, mtoto anaongea peke yake, anasema anasubiri kuchukuliwa. Mama Beya alimpeleka kwa daktari, wakasema ni mafua. Mimi nilikuwa katikati ya maji na jino la mwanangu limefungwa kwenye leso, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kukunja mashuka ya watu. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya kuzaa.

Tulifika Toronto asubuhi. Kabla ya saa nne abiria wote walikuwa wameshuka na masanduku yao. Jua lilikuwa linaingia kupitia madirisha ya duara, meli kimya. Anti Filomena aliitwa juu kidogo, akaniambia nimsubiri kwenye ngazi. Ningemsubiri. Lakini nikasikia mlango wa mwisho unafunguka, na sauti ikaita jina langu. Si jina la kwenye beji. Jina la nyumbani, ambalo Toronto nzima hakuna anayelijua.

Nikaenda nasukuma toroli.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mzee, amejitanda kanga iliyopauka, safi. Uso wake ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nyayo zake zilikuwa zimelowa, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye vidole vyake hadi kwenye zulia, taratibu, hayakatiki. Mimi nikafanya nini? Nikamwamkia! Naapa, mdomo ulitangulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Maandazi yako yalikuwa mazuri. Hiliki ilizidi kidogo." Akaninyooshea bakuli kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili. "Mimi nimeleta mara tatu. Wewe umerudisha mara mbili. Au nimehesabu vibaya?"

"Hukukosea, bibi. Unataka nini?"

"Aa, mimi mgeni, siombi. Mwenyeji ndiye anayejua alichonacho." Akatabasamu. "Kile kifungo na lile jino nilikuletea ujue tu kwamba kwako napajua. Una mtoto mmoja. Mimi sina hata mmoja. Nipe chombo changu na neno lako, basi, kwake nitapita mwenyewe."

Nataka uelewe jambo moja, maana wengi nikiwasimulia huniuliza kwa nini sikukimbia. Bakuli lilikuwa mkononi mwangu. Ningekimbia nalo, ningekuwa nimemdhulumu chombo chake. Ningelirudisha safi na tupu, angesema nadaiwa, naye angengoja. Na neno la mkubwa aliyekukalia kwa upole namna ile ni gumu kulikataa. Nilihisi kabisa ulimi wangu unajiandaa kusema "haya, bibi." Tumefundishwa hivyo. Tumefundishwa vizuri mno.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mama siku alipogombana na jirani yetu mmoja, wakaacha kusalimiana hadi kufa. Jirani yule alirudisha sufuria yetu na ukoko ndani. Mama alisema, "Anayerudisha chombo kichafu amekata ujirani. Hapo hakuna tena deni wala salamu."

Ndoo ya makombo ilikuwa pale kwenye toroli. Nikalichovya bakuli humo lote, ua la buluu na yote. Nikalitoa linadondosha mchuzi wa jana, maganda ya mayai na majani ya chai. Nikayamwaga makombo, uchafu ukabaki. Nikaliweka sakafuni mbele ya miguu yake, kwa mkono mmoja, wa kushoto.

"Chukua chombo chako," nikasema. "Kwangu usilete tena."

Alilitazama muda mrefu. Maji ya miguuni yakasimama. Alipoinua uso alikuwa na haya, haya ya mtu mzima aliyetukanwa mbele za watu, na mpaka leo ule uso unaniuma.

"Mama yako hakukufunza?" akauliza, polepole.

Mama yangu, aliyenifunza kila kitu, aliyekufa bila mimi kumzika.

"Hakunifunza," nikasema.

Mlango ukafungwa. Anti Filomena alinikuta nimekaa chini nalia. Akaufungua kwa ufunguo wake, na ndani mlikuwa na mablanketi kutoka sakafuni hadi darini, hata paka asingepata pa kukaa. Zulia lilikuwa limelowa. Bakuli halikuwepo. Nilishuka melini na sare yangu, nikapanda treni na basi hadi nyumbani, na nilipofika Rehema alikuwa amekaa mezani kwa Mama Beya anakula ugali, homa imekwisha. Pengo la lile jino halijaziba mpaka leo. Madaktari wa meno wamelipiga picha mara ngapi sijui, wanasema chini hakuna kitu.

Tangu siku ile sijabaki na bakuli la mtu. Jirani akileta, nahamishia kwenye sahani yangu palepale mlangoni, namrudishia chombo chake kichafu mkononi. Waswahili wa Toronto wananiita mchoyo, wengine wanasema nimekuwa mzungu. Waseme. Na Rehema sikumfundisha mambo ya kashata na ndimu, kamwe. Nilidhani asiyeijua adabu hiyo hawezi kunaswa nayo. Nilifanya kosa lilelile la Anti Filomena: nilificha sababu.

Rehema sasa ana miaka kumi na minane, anasoma chuo, amepanga chumba ghorofani si mbali na kwangu. Kiswahili changu anakielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Jumanne alinipigia simu, na aliongea Kiswahili kitupu, kizuri, cha Tanga.

"Mama, kuna bibi mmoja amehamia chumba cha mwisho. Ameniletea tende."

Nikashika ukuta. "Kwa chombo gani? Kwa bakuli?"

"Ndiyo. Lina ua la buluu, zuri."

"Rehema, nisikilize. Lichafue. Tia majani ya chai, tia chochote, umrudishie hivyohivyo."

"Mama!" Akacheka. "Chombo hakirudi hivyo. Bibi kanifundisha. Nimeshamrudishia, nimetia maandazi."

Kwa hiyo ninakuandikia nikiwa kwa Rehema. Nimekaa kwenye kiti nilichokiegemeza mlangoni, na mwanangu amelala nyuma yangu. Sinki lake limejaa vyombo vichafu, meza imejaa, sakafu imejaa, na vitabaki hivyo, pasipatikane humu chombo cha kurudi safi. Nje koridoni nayasikia maji yanadondoka. Nawe kama una mtoto, usimfundishe adabu nusu. Mwambie chombo cha jirani kinarudi na kitu, kisha mwambie leo hii, huku akikucheka, ni chombo gani kinarudi kichafu.