Stroberi za Mama Mkwe

Walimwita Mapua, na jina hilo halikutokana na ukubwa wa pua yake bali na kazi yake. Aliweza kusimama mlangoni akasema chungu gani kimeanza kushika chini, nani amerudi na soksi za jana, na maziwa yapi hayatafika jioni. Mume wake alizoea kusema kwamba wenzake wanafuga mbwa wa ulinzi, yeye ana mke. Watu walicheka, na Mapua alicheka kuwazidi.

Kipaji hicho kilikuwa na kazi zaidi siku za Alhamisi. Mume alikuwa mtunza bustani kwenye shamba la stroberi, zile zinazolimwa chini ya mahema ya nailoni, na kila Alhamisi aliruhusiwa kuondoka na beseni la zilizokataliwa: ndogo mno, zilizopinda, zenye kovu. Hazikuwa mbovu, ila hazikuwa na sura ya sokoni. Mlaji mkuu alikuwa mama mkwe, aliyekuja kuishi nao baada ya mtoto wa jicho kumharibu macho yote mawili. Meno yake yalibaki ya kuhesabika na hamu ya chakula ilikuwa imemkimbia, lakini stroberi hakuzikataa hata siku moja.

Sasa, stroberi ni tunda la kudeka. Ukiliosha mapema, kesho unalikuta limelegea. Ukilirundika kwenye bakuli, la chini linatoa maji na kuliambukiza la juu. Mapua alizimwaga juu ya taulo, akazipitia moja moja bila kung'oa vikonyo, kisha nzima akazipanga safu moja kwenye trei yenye kitambaa kikavu, mfuniko akauacha wazi kidogo, na trei ikaingia kwenye friji. Kuoshwa zilioshwa wakati wa kuliwa tu. Zilizopondeka alizisaga na maziwa yaliyochemshwa, akajaza vikopo, akagandisha. Halafu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua friji, akavuta pumzi moja. Pumzi hiyo ndiyo ilikuwa hakimu. Hakuwahi kuandika tarehe wala kuhesabu siku.

Mwaka ule akashikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki nzima. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, akarudi kazini. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Siku ya pili alikuwa na shati jeupe mezani, akageuka kumwonyesha mteja suruali yake ilipo. Mwenye duka akatoka chumba cha nyuma akikimbia.

"Mapua! Unaunguza nguo na wewe umesimama hapo hapo?"

Moshi ulikuwa ukipanda karibu na kiwiko chake. Alikuwa hajasikia harufu yoyote.

"Leo pua umeisahau nyumbani?" mwenye duka akatania, na wenzake wakacheka. Naye akacheka.

Jioni alijifungia jikoni. Akanusa kitunguu, akanusa sabuni ya kufulia, akanusa siki, mwisho akafungua dumu la mafuta ya taa akaliinamia kabisa. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Hakumwambia mtu. Alijipa wiki moja, kisha nyingine. Harufu ikirudi, alijisemea, nitawasimulia tucheke. Kumbe alikuwa anaogopa. Kule kwa dobi yeye ndiye aliyepewa nguo azinuse, aseme ipi jasho limetoka na ipi irudi kwenye maji. Nyumbani jina lenyewe lilikuwa ndilo yeye. Akiacha kuwa Mapua, atakuwa nani? Akawa anatazama nyuso za wenzake; wakikunja pua, naye anakunja. Chakula nacho akaacha kukionja, maana kila kitu kilikuwa sawa na kutafuna karatasi. Mchuzi ulipoungua alisingizia jiko.

Miezi miwili ikapita hivyo.

Jumamosi moja umeme ukakatika. Ulirudi Jumatatu asubuhi, na mume, akiwa anatoka kwenda shambani, akasema, "Vile vikopo vya maziwa viangalie kabla Mama hajala."

"Nitavinusa," Mapua akajibu.

Na kweli alivinusa. Alifungua kimoja kimoja, akakisogeza puani, akavuta pumzi kama zamani. Rangi ilikuwa ile ile ya waridi, nzuri, juu kuna povu dogo. Alisimama pale akijua kabisa kwamba hajui. Angeweza kumwita jirani. Angeweza kumwaga vyote, ila mume angeuliza kwa nini, na yeye alikuwa amechoka kutafuta visingizio. Akafunika, akarudisha vikagande upya.

Jumanne alimlisha mama mkwe bakuli zima.

"Mkwe wangu, mbona leo kali?" mama mkwe akauliza baada ya kijiko cha pili.

"Stroberi za wiki hii hazikuiva vizuri, Mama."

"Haya," akasema yule mzee, akafungua mdomo tena.

Asubuhi ya pili alikuwa hawezi kuinuka. Alitapika na kuhara mpaka midomo ikakauka na maneno yakaanza kumpotea. Walimbeba hospitali, akatundikiwa dripu mbili mfululizo. Wifi yake Mapua, dada wa mume, alikuwa mwalimu. Alifika wodini moja kwa moja kutoka darasani, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mkono wa gauni. Muuguzi akauliza mgonjwa amekula nini. Wote wakamgeukia Mapua, akataja maziwa ya stroberi.

Wifi akageuka. Alimchukua kaka yake wakaenda nyumbani, wakarudi na kikopo kimoja kilichokwishayeyuka ndani ya mfuko. Pale kwenye ukumbi wa wodi akakifungua, na mwanamke aliyekuwa amekaa benchi la jirani akahama.

"Wifi, hiki ulikinusa?"

"Nilikinusa," Mapua akasema.

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria, na lilikuwa kweli tupu, na lilikuwa uongo kuliko yote aliyowahi kusema.

"Ulikinusa." Wifi akakifunika taratibu. "Wewe, unayejua soksi za jana ukiwa barabarani. Ukakinusa hiki, ukampa mama yangu. Kama umechoka kumtunza si ungesema? Tungemchukua."

Mapua akamtazama mume wake. Mume alikuwa akitazama sakafu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mtu yule, ambaye hakuwahi hata kumkaripia, alishindwa kusema "mke wangu hawezi kufanya hivyo." Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Akafungua mdomo aseme, lakini tayari wifi alikuwa amempa kisogo.

Usiku huo hakulala vizuri, wala mume hakumsemesha. Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa aliwatangulia wenzake. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mto, amekonda kwa siku mbili kama aliyefunga mwezi.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, mimi sinusi. Tangu yale mafua. Sinusi kitu chochote. Nilikupa kitu nisichokijua na nilijua kwamba sikijui."

Yule mzee akamgeuzia uso.

"Miezi mingapi?"

"Miwili, unaingia wa tatu."

"Na hukuniambia." Sauti yake ilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimshangaza Mapua, maana alikuwa amejiandaa kwa machozi. "Mimi ni macho ndiyo yamekufa. Pua ninayo! Ungeniletea kikopo ningekwambia kabla hakijafika kitandani. Mficha maradhi, si unajua kinachomfichua? Basi ujue kwamba kilio chenyewe kilikuwa karibu kuwa changu."

"Mama, lakini ulisikia ni kali..."

"Nilisikia. Nilisikia na harufu." Akavuta shuka. "Nikasema, nikilalamika, wataniona mzee wa kuchagua. Mwanamke huyu anafanya kazi siku nzima, anarudi kunilisha kwa kijiko. Nikameza."

Wifi alikuwa amefika zamani, yuko nyuma ya pazia la kitanda cha jirani, na alikuwa amesikia. Alipojitokeza hakuomba radhi na Mapua hakuitarajia.

"Ungesema jana," wifi akasema. "Nilikuuliza uso kwa uso."

"Ni kweli."

"Mama atakuja kwangu."

Akaenda kwake kweli, akakaa wiki sita. Katika wiki hizo mume alianza kuongea na Mapua tena kidogo kidogo, kwanza habari za shamba, halafu siku moja akamshika bega akasema, "Mimi nilipaswa kugundua. Mchuzi umeungua mara ngapi?" Daktari wa pua na masikio alimwambia Mapua kwamba inaweza kurudi na inaweza isirudi, akampa mazoezi ya kunusa vitu vinne asubuhi na jioni. Kwa dobi alisema ukweli mwenyewe. Wakamwacha kwenye pasi, kazi ya kunusa wakampa mwingine.

Mama mkwe alirudi kwa amri yake mwenyewe, akidai kwa binti yake analishwa uji kama mtoto anayeota meno. Alikuta jikoni kumebadilika. Stroberi sasa zilipitishwa kwenye maji yenye siki, kikombe kimoja cha siki kwa vitatu vya maji, zikasuuzwa, zikatandazwa juu ya taulo mpaka zikauke kabisa ndipo ziingie kwenye friji. Za kugandisha ziligandishwa zikiwa zimetandazwa, bila maziwa, kisha zikatiwa kwenye mifuko yenye tarehe. Umeme ukikatika zikayeyuka, zote zinakwenda jalalani. Na kila asubuhi trei ilipelekwa kwenye magoti ya mama mkwe, akainama juu yake.

Wifi huja Jumapili. Husalimia vizuri, hukaa na mama yake, lakini chakula cha nyumba ile hajakigusa tena, na Mapua hamlazimishi.

Alhamisi iliyopita beseni lilikuja na stroberi nzuri kuliko za mwezi mzima. Ijumaa asubuhi mama mkwe akanusa trei, akaisukuma. "Mwaga. Zinanuka."

Mapua akazigeuza. Nyekundu, ngumu, hazina doa. Alitaka kubisha. Akazipeleka kwenye ndoo ya taka akazimwaga zote, halafu akasimama kwenye sinki, maji yakitiririka, akilia bila sauti, au alidhani ni bila sauti.

"Unalilia stroberi?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hapana, Mama."

"Haya. Funga maji, ulie vizuri."