Salamu Saba za Kijerumani

Methodius wa Ihanda alikuwa na ekari mbili za kahawa na migomba, na sheria moja: ndani ya nyumba yake, Kinyambo, lugha ya kwao, marufuku. Kiswahili alikiruhusu kwa shingo upande, maana bila hicho yeye mwenyewe asingeweza hata kuomba maji ya kuoga. Mezani, kila kitu kiombwe kwa Kijerumani. Maneno aliyachota kwenye simu na kuyanakili katika daftari, na kwa kuwa simu iliishiwa chaji kabla hajafika kwenye neno la chumvi, familia nzima ilikula maharage chapwa siku tatu.

Tusimcheke sana. Aliwahi kusimama mjini Kayanga mbele ya mnunuzi wa kahawa kutoka Ujerumani akiwa na mambo kumi ya kumweleza, akaishia kutabasamu mpaka mashavu yakauma. Hakutaka binti yake Komujuni, mwenye miaka kumi, arithi tabasamu lile.

Sheria iligonga mwamba alipokuja mama yake, Kokushubira, asiyejua Kiswahili, kutoka Kyerwa. Alikuwa amevunjika mguu, akatibiwa hospitali ya Nyakahanga, na sasa alikuwa akijiuguza kwa mwanawe. Kila asubuhi mjukuu alimpita na neno moja la Kijerumani, mbio kama anayewahi basi.

"Methodius," bibi alisema wiki ya pili, "nimekuja kuuguza mguu, sikuja kuuguza ububu. Jumatatu narudi kwangu."

"Mama, kwako hakuna mtu! Nani atakuchotea maji?" Methodius akamaka, kwa Kinyambo hichohicho.

"Angalau kule nikinyamaza, nimenyamaza peke yangu."

Methodius hakulala. Yeye, mtoto wa kwanza, amwache mama mwenye mkongojo akaishi na kuku peke yake? Ihanda nzima ingemnyooshea kidole, na moyo wake ungekuwa wa kwanza. Lakini sheria nayo aliipenda. Ikawa bahati kwamba Jumapili hiyo usharika ulipokea wageni kutoka Ujerumani, naye alikuwa ameshawasumbua wazee wa kanisa mpaka wakampa mmoja wa kumlisha chakula cha mchana.

"Mama, tuwekeane dau," alisema. "Komujuni akimsalimu mgeni vizuri, ubaki na sheria ibaki. Akishindwa, sheria nitaifuta."

"Utaifuta leo, kesho uirudishe. Akishindwa nitaondoka vilevile," bibi akajibu, "ila nitaondoka nikicheka." Akaanza kufunga kikapu chake.

Sasa, Methodius ni Mnyambo. Kwake salamu ya neno moja ni tusi. Akamfundisha mtoto salamu saba kamili: umeamkaje, nyumbani, mume, watoto, ng'ombe, migomba, mvua. Majibu hakuyafundisha, kwa kuwa majibu yanajulikana. Kwetu hata aliyeunguliwa na nyumba hujibu kwanza "nzuri", ndipo moto unafuata baadaye, taratibu, baada ya chakula.

Mgeni alifika, mama wa makamo aitwaye Agnetha, pamoja na muuguzi aitwaye Evangelina, aliyekuja kutafsiri. Komujuni akapiga magoti, akaanza. Umeamkaje? Mgeni akaangaza uso. Nyumbani? Mgeni akacheka kwa furaha. Methodius, nyuma ya mlango, alikuwa ameshaanza kuvimba kichwa. Mume?

Mgeni akaacha kucheka. Kisha akajibu, na jibu lilikuwa refu. Komujuni akasubiri "nzuri" yake. Haikuja. Akamtazama baba, naye baba akafungua daftari. Akapata "tikiti yangu iko wapi". Akapata "theluji ni nyingi leo".

"Anasema mume wake alifariki Novemba," Evangelina alisema polepole. "Anasema tangu atue nchini, wewe ndiwe wa kwanza kumuuliza."

Mtoto wa watu afanye nini? Aliyaacha maswali ya ng'ombe na migomba hapo hapo, akakimbilia chumbani kwa bibi. Kokushubira akatoka na mkongojo, akakaa ubavuni mwa mgeni, akamshika mkono, akampa kahawa ya kutafuna, punje kavu anazopewa mgeni kwa heshima, akaanza kumpa pole kwa Kinyambo. Naye alikuwa mjane. Agnetha akalia, bibi akalia, na Evangelina hakutafsiri kitu kwa kuwa hakuna aliyemwomba. Baadaye mgeni alikula sahani mbili za ndizi, zisizo na chumvi, maana mezani hakuna aliyelikumbuka neno lake.

Jioni Methodius na mkewe Benadeta walibishana nani ameshinda, wasikubaliane. Kikapu cha bibi kilibaki mlangoni, kimefungwa.

Jumatatu asubuhi Komujuni alipiga magoti mbele ya kikapu hicho, akamsalimu bibi yake kwa Kinyambo, akikwamakwama, lakini zote saba, mahali pa mume akiweka kuku. Bibi akaitikia moja moja: nzuri, nzuri, nzuri. Mtoto akaongeza ya nane, ambayo baba hakumfundisha.

"Na mguu, bibi?"

Kwa wiki mbili kila mtu alikuwa akiambiwa mguu unaendelea vizuri. Kokushubira akafungua kinywa kusema nzuri, kikagoma.

"Unauma, mjukuu wangu," alisema. "Unauma sana. Hata kusimama jikoni siwezi."

Methodius, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake, akaliweka chini. Akabeba kikapu, akakirudisha chumbani.