Jezi Nyeupe Aliyoikosa Peceli

Kaka yangu Inoke aliichezea timu ya raga ya mkoa wetu, Nadroga, miaka tisa kama winga, na timu ya taifa ya Fiji haikumwita hata siku moja. Hilo halikuwahi kumtoka moyoni. Mwanawe Peceli alipoanza kuwaacha wenzake nyuma kwenye uwanja wetu kando ya mto, Inoke hakumsifu. Alimwambia tu, "Umekimbia vizuri. Rudia."

Peceli alikuwa na miaka kumi na tisa wakala mmoja alipomwona akicheza mjini Sigatoka, akampa mkataba wa miaka mitatu na klabu ya raga huko Ufaransa. Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Nadi. Mimi nilimfungia magimbi ya kuchemsha.

"Shangazi, watanikamata nayo kule."

"Basi yamalize kabla hawajakukamata."

Akayala palepale, huku analia.

Mwaka wa kwanza aliwekwa na vijana wa akiba. Kwenye simu aliniambia baridi inamfisha vidole, mpira unamponyoka kama sabuni. Kocha alimwita "wewe Mfiji" miezi minne kabla ya kujifunza jina lake. Mwaka wa tatu wakamwingiza kikosi cha kwanza, akaanza kufunga trai karibu kila mechi. Hapo ndipo timu ya taifa ikamwita kwa mechi za Novemba.

Inoke alichinja nguruwe wawili. Kwenye harusi yake mwenyewe alichinja mmoja, tena mdogo.

Kumbe huko Ufaransa meneja alikuwa amemwita Peceli ofisini. Alimwambia sheria inamruhusu kwenda na hakuna wa kumzuia. Ila kuna winga mwingine anayeitaka nafasi yake, na mkataba unaisha Juni. Kisha akamsogezea karatasi iliyosema kwamba Peceli ameumia msuli wa paja. Peceli akatia sahihi, akampigia baba yake.

"Baba, nimeumia. Siendi."

"Pole, mwanangu. Kwanza upone."

Jumapili moja ya mwezi huohuo, baada ya ibada, tulikuwa kwa Inoke tukinywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, televisheni ikirudia mechi ya ligi ya Ufaransa ya jana yake. Winga namba kumi na nne akachomoka pembeni, akawaacha watu watatu wameshika hewa.

"Huyo si Peceli?" jirani akauliza.

"Ndiye. Wafaransa wana dawa ya paja, jamani," mwingine akasema, na watu wakacheka.

Inoke alinyanyuka akazima televisheni. Akarudi kukaa, akaendelea kuwagawia watu yaqona.

Machi, Peceli aliangukiwa na wachezaji wawili, goti la kushoto likapinda upande. Safari hii karatasi ya daktari ilisema kweli. Juni klabu ikamwandikia barua fupi ya kumshukuru.

Nilimpokea Nadi peke yangu.

"Baba yuko wapi?"

"Anapalilia mihogo."

Tulipofika alishuka akachechemea moja kwa moja mpaka shambani. Nilimfuata, nikiogopa.

"Baba, walinilazimisha."

"Walikushika mkono ukaandika?"

"Hapana."

Inoke aling'oa magugu kwanza. "Mimi ningeivaa ile jezi nyeupe hata kwa goti moja."

"Goti moja ndilo nililobaki nalo sasa. Waambie waniite."

Nilidhani Inoke atamrushia jembe. Aliinama tu, akaendelea na mstari wake, na Peceli akabaki amesimama juani mpaka nilipomshika mkono.

Sasa ana miaka ishirini na minne. Anabeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja ya pwani. Nyumbani wanakula kwenye mkeka mmoja na baba yake, wanaombana chumvi, na jambo lile halitajwi. Wageni wakiona mabega yake humuuliza kama anacheza raga.

"Hapana," huwajibu. "Sijawahi."