Kumi na Saba kwa Chuchu Kumi

Tangu mbwa wake azae watoto kumi na saba kwa mkupuo mmoja, jirani yetu mfugaji hatulii. Chuchu ni kumi tu, kwa hiyo wananyonya kwa zamu: anawatoa walioshiba, anawaingiza wenye njaa, anapasha maziwa ya chupa, anarudi kupapasa matumbo kwa kidole gumba. "Wewe umeshakula. Wewe usinidanganye." Mumewe akimwita mezani, anajibu "nakuja" na haji. Jana daktari wa mifugo alimwinua yule mdogo kuliko wote, mwili umeshapoa, akasema, "Huyu mwache, mama. Hafiki jioni." "Haya, daktari," akajibu kwa adabu, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi, alimtia yule mtoto kifuani, ndani ya blauzi, akaendelea na zamu zake huku mkono mmoja ukimsugua mgongo bila kukoma. Mimi, niliyekuja kumsaidia, nilishika chupa na kuwanywesha waliokuwa wakisubiri zamu. Mara kisauti chembamba kikalia ndani ya blauzi. Mama mbwa akainua kichwa. Jirani akacheka, machozi yakimtoka, akamchomoa mtoto na kumpenyeza katikati ya ndugu zake. "Piga kelele hivyo hivyo, mwanangu," akamwambia. "Hawa wenzako hawana huruma."